Mwalimu Hakuwa Mrefu



Makala hii imezaliwa katika mabishano. Baada ya sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo hapa Utemini, mjini Singida, vijana wawili walianza kubishana juu ya kimo cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mmoja alishikilia kwamba lazima alikuwa pande la mtu, maana aliyeongoza nchi karibu robo karne na kumng'oa Idi Amin hawezi kuwa na mwili mdogo. Mwenzake alikuwa ameona picha za zamani na hakukubali. Mzee mmoja aliyewahi kumwona kwa macho yake akacheka, akasema kwamba siku ile ya mkutano yeye alisimama nyuma kabisa, na kwa muda mrefu alichokiona ni kifimbo tu kikipanda na kushuka juu ya vichwa vya watu. Tulitawanyika tukicheka, ila swali lile lilitufuata hadi nyumbani.

Mwalimu hakuwa mrefu. Alikuwa mtu wa umbo dogo, mwembamba, mwenye mabega membamba na masharubu madogo, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya Wazanaki wa wakati wake. Katika picha alizopigwa na viongozi wenzake, mara nyingi macho hutangulia kumwona mwingine: Mzee Kenyatta na mwili wake mkubwa, au Kenneth Kaunda na urefu wake. Mwalimu unamkuta pembeni, amevaa shati au suti ya kola fupi, kifimbo mkononi, anacheka.

Sisi wa Utemini tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Jina la mahali petu limebeba neno utemi, na mtemi katika fikra za wengi wetu ni mtu wa kutisha: mnene, mwenye sauti nzito, anayeketi wakati wengine wamesimama. Mwalimu alizaliwa ndani ya nyumba ya namna hiyo. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki huko Butiama. Mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Burito alipofariki mwaka 1942, utemi haukumwendea yeye bali ndugu yake, Edward Wanzagi. Na mwaka 1963, chini ya serikali ya huyo huyo mtoto wa mtemi, sheria ya kuwatambua machifu ilifutwa nchini. Pengine wapo wazee waliosikitika, na hatuwalaumu. Lakini ni jambo la kufikirisha kwamba kiti cha kifahari alichokifahamu tangu utotoni hakukitamani wala hakuwaachia wengine wakikalie.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Jina lake la kwanza la nyumbani lilikuwa Mugendi, maana yake mtu wa kutembea. Baadaye aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa inasemekana mvua ilinyesha sana siku ya kuzaliwa kwake. Jina la kwanza liliachwa, lakini kwa maoni yetu ndilo lililomkaa vizuri zaidi. Alipofikisha umri wa miaka 12 hivi alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 30 kutoka kwao. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, katika shule ya serikali iliyokuwa ikichukua wana wengi wa machifu. Walimu na wenzake wa shule walimkumbuka kwa akili yake na kwa ulimi wake katika midahalo. Hakuna aliyemkumbuka kwa nguvu za mwili.

Alibatizwa Desemba 1943 akachukua jina la Julius, na mwaka huo huo akaingia Makerere. Baada ya Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Padre Richard Walsh wa Mapadre Weupe, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusoma. Alirudi mwaka 1952. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, akaenda kufundisha Pugu, katika shule ya wamisionari. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na umri wa miaka 32. Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha mshahara. Jina la Mwalimu hakuliacha, wala watu hawakukubali aliache.

Tuje kwenye kisa ambacho kila mwenye kuzungumzia miili ya viongozi hukikimbilia. Idi Amin wa Uganda alikuwa jitu: mrefu, mzito, aliyewahi kuwa bingwa wa ndondi nchini mwake akiwa askari wa Mwingereza. Tangu alipotwaa madaraka mwaka 1971 alikuwa akimtumia Mwalimu salamu za kejeli, ikiwamo telegramu iliyomfananisha na mwanamke ambaye angekubali kumwoa pamoja na mvi zake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, yakaiteka sehemu ya Kagera, wakauawa raia, ikaporwa mifugo, na daraja la Kyaka likavunjwa. Katikati ya msiba huo Amin akatoa pendekezo lake: yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Akaongeza kwamba, ili pambano liwe la haki, yeye angepigana mkono wake mmoja ukiwa umefungwa.

Redio za dunia zilicheka. Sisi tunaona kwamba kejeli ile haikuwa upuuzi mtupu. Amin alikuwa anasema kitu ambacho watu wengi wanakiamini kimoyomoyo, kwamba uongozi ni misuli, na kwamba mtu mwenye mwili mdogo anaonewa tu huruma. Mwalimu hakujibu lolote juu ya ngumi. Alizungumza na wananchi, katika hotuba ambayo hata waliozaliwa baada ya vita wanaikariri, kisha akaita jeshi, mgambo, polisi na magereza. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka na Amin akakimbia.

Hapa wahubiri hupenda kumleta Daudi na Goliathi. Sisi tunasita. Daudi alishuka bondeni mwenyewe na kombeo lake, lakini Kagera walioshuka ni vijana wa watu, na wengine hawakurudi. Familia zao zilibaki na picha ukutani. Nchi ilitoka vitani mikono mitupu, na miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni za sukari, sabuni na khanga, wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Ushindi ulikuwa wa haki, ndivyo tunavyoamini, ila kuugeuza kisa cha mtu mfupi aliyemwangusha mtu mrefu ni kuwasahau waliokufa.

Katika Maandiko kuna kisa kingine kinachotufaa zaidi. Sauli alichaguliwa akiwa mrefu kuliko Waisraeli wote, na watu wakashangilia. Nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kutafuta mrithi, alipomwona mtoto wa kwanza na kimo chake alidhani kazi imekwisha, na Mungu akamkataza kutazama sura na urefu. Tuangalie vema: aliyekuwa karibu kukosea ni nabii, mtu wa sala. Sisi waseminari na mafrateri tusijione tumepona ugonjwa huo. Tunajua jinsi tunavyowapima wenzetu siku ya kwanza wanaposhuka na masanduku yao, na jinsi padre mwenye mwili mdogo anavyosubiri kwa muda waumini wamalize kumtazama ndipo waanze kumsikiliza.

Mwalimu alifahamu hatari ya watu kukuzwa. Alitafsiri kwa Kiswahili tamthiliya ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963, akiwa rais kijana. Katika mchezo huo Kasio analalamika kwamba Kaizari, mtu ambaye yeye mwenyewe alimwona akishindwa kuogelea na akitetemeka kwa homa, sasa amefanywa sanamu kubwa na wengine wote wanapita kati ya miguu yake. Kasio alikuwa mwenye wivu, hilo halifichiki. Hata hivyo, hatuwezi kujizuia kuwaza jinsi Julius wetu alivyotafuta maneno ya Kiswahili ya mistari ile, usiku, baada ya kazi za Ikulu.

Na udhaifu wake ulionekana mapema. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, kambi ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Rais akafichwa. Baada ya siku chache ilibidi waitwe askari wa Uingereza, walewale tuliowaaga miaka miwili tu nyuma, waje kuwanyang'anya silaha askari wetu. Kwa kiongozi wa nchi changa ilikuwa aibu kubwa, na yeye hakuificha kuwa ni aibu. Siku zile umbo lake dogo halikuwa na la kujivunia.

Miaka mitatu baadaye alifanya jambo tunalolipenda kuliko yote. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na vijana sehemu mbalimbali walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono. Oktoba mwaka huo mkutano mkuu wa TANU ulipangwa kufanyika Mwanza. Rais alikuwa na magari. Aliondoka Butiama kwa miguu, akatembea zaidi ya kilomita 200 hadi Mwanza, siku baada ya siku, akiwa na umri wa miaka 45, wanavijiji wakitoka mashambani kumlaki. Mtu anayetembea barabarani yuko kimo kimoja na anayemlaki. Hakuna jukwaa chini ya miguu yake, na vumbi linawapata wote. Mugendi alikuwa amerudia jina lake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini ndani ya miaka saba baada ya matembezi hayo, amri ya kuhamia vijijini ilitekelezwa kwa nguvu sehemu nyingi za nchi. Watu waliosita walibomolewa au kuchomewa nyumba, wakapakiwa kwenye malori pamoja na mitungi na kuku wao. Wapo pia waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, chini ya sheria ya mwaka 1962. Tumesikia ikisemwa kwamba hayo yalikuwa ya watendaji tu, yeye hakujua. Hatuoni kama hoja hiyo inamheshimu. Aliyekuwa karibu na watu kiasi kile hawezi kufanywa asiyeona chochote kila jambo linapoharibika.

Tunayataja kwa sababu Kanisa linamchunguza. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kila tarehe 1 Juni mahujaji wanakusanyika Namugongo, katika Uganda ile ile, kuombea nia hiyo. Wengi wanataja Misa aliyoihudhuria kila siku, sala zake, tenzi alizoandika kutoka katika Biblia, na jinsi alivyong'atuka mwaka 1985 akarudi kulima Butiama. Hayo yote yana uzito. Lakini mchakato wa Kanisa hauhitaji jitu. Unauliza mtu huyu hasa aliishi vipi fadhila, alitenda nini, alikosea wapi na akatubu namna gani. Anayemficha makosa yake kwa kumpenda anamnyima haki ya kuchunguzwa.

Tunaona dalili za kumkuza hata nje ya Kanisa. Sanamu yake iliyozinduliwa Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, Februari 2024, imemwinua juu ya vichwa vya wapita njia, kama sanamu zinavyofanya. Kifimbo chake nacho kimepewa uchawi: tumewasikia watu wazima, tena waliopata Kipaimara, wakieleza kwamba nguvu zake zote zilikuwa mle. Maana mwili ule hauwatoshi, lazima wautafutie dawa.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa saratani ya damu, na tarehe 23 akazikwa Butiama, karibu na walikozikwa wazazi wake. Waliompokea uwanja wa ndege, waliojipanga barabarani na waliofika kumuaga walikuwa wengi kupita kuhesabika.

Kwa desturi ya Kanisa, kabla mtu hajatangazwa Mwenyeheri, kaburi lake linaweza kufunguliwa na mabaki yake kutambuliwa na wataalamu. Siku hiyo ikifika Butiama, yule kijana wetu mbishi atapata jibu lake kwa sentimita. Kwa sasa tunachohitaji zaidi ni wale waliomwona akiwa hai. Wazee hao wanazidi kupungua. Ukiwa na babu au bibi hapa Singida aliyekutana naye, aliyempikia, aliyemdai, aliyekwazwa naye au aliyesimama nyuma ya umati akaona kifimbo tu, kaa naye jioni moja na daftari, uandike jina la mahali na mwaka, kisha umpelekee paroko wako.