Maribel Vinson-Owen: Bingwa wa Barafu Aliyeishi Kupitia Wanafunzi Wake

Jina la Maribel Vinson-Owen limebaki katika historia ya mchezo wa kuteleza kwenye barafu nchini Marekani kwa mambo mawili: mataji aliyotwaa akiwa mchezaji, na mabingwa aliowalea akiwa kocha.

Alizaliwa tarehe 12 Oktoba, 1911, katika mji wa Winchester, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa wapenzi wa mchezo huo, naye aliuanza akiwa mtoto mdogo. Kati ya mwaka 1928 na 1937 alitwaa ubingwa wa taifa wa wanawake mara tisa, pamoja na mataji sita ya mchezo wa wawili wawili. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1928 alishika nafasi ya pili nyuma ya Sonja Henie wa Norway, na katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1932, Lake Placid, alipata medali ya shaba.

Ushindi huo haukumtenga na elimu wala kazi. Alihitimu Chuo cha Radcliffe mwaka 1933, akaandika habari za michezo katika gazeti la The New York Times, uwanja ambao wakati huo ulikuwa wa wanaume karibu wote.

Kanuni za wakati huo zilimzuia mchezaji wa ridhaa kulipwa kwa kufundisha. Hivyo, mwaka 1937 aliacha mashindano na kuingia katika mchezo wa kulipwa, kisha ukocha. Mwaka 1938 aliolewa na Guy Owen, mchezaji kutoka Kanada, wakajaliwa mabinti wawili, Maribel na Laurence. Ndoa hiyo ilivunjika baadaye, naye akarejea Winchester kuwalea mabinti zake katika nyumba ya mama yake, huku akifundisha ili kuitunza familia.

Alijulikana kwa ukali na kwa kudai nidhamu. Mwanafunzi wake Tenley Albright, aliyeugua polio utotoni, alikuwa Mmarekani wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwa wanawake katika mchezo huo, mwaka 1956. Vinson-Owen alimpa mafunzo pia Mabel Fairbanks, mchezaji mweusi aliyefungiwa milango ya mashindano kwa sababu ya rangi yake.

Mwaka 1961 Laurence, mwenye umri wa miaka 16, alitwaa ubingwa wa taifa wa wanawake, na dada yake akatwaa ule wa wawili wawili. Tarehe 15 Februari mwaka huo, ndege iliyoibeba timu ya Marekani kuelekea mashindano ya dunia mjini Prague ilianguka karibu na Brussels, Ubelgiji. Watu wote 72 waliokuwamo walifariki, wakiwamo mama huyo na mabinti zake wote wawili. Nyumbani Winchester alibaki bibi yao, Gertrude Vinson. Mashindano yaliahirishwa moja kwa moja mwaka huo, hayakufanyika.

Marekani ilipoteza wachezaji na makocha wake bora kwa siku moja, lakini ujuzi haukuzikwa nao. Frank Carroll, aliyefundishwa na Vinson-Owen, aliwanoa baadaye Michelle Kwan, na Evan Lysacek, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2010. Mjini Winchester, shule ya msingi ya Vinson-Owen inabeba jina la familia hiyo hadi leo.