Fundi Aliyeyashinda Matope

Shujaa wangu ni marehemu Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya babake. Mwaka 1958 kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akisaidia madereva walioharibikiwa na magari. Hapo alijua gari huangushwa na nini! Alishinda mbio za Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Kati ya Safari 22 alizoingia, alimaliza 19, licha ya matope ya masika. Alifariki London mwaka 2013.

Hapa Matasia mvua ikinyesha, matatu yenye tairi kipara huteleza nasi tukiwa ndani. Jamani madereva, kagueni tairi, breki na waipa kabla hamjatupakia!