Langley, Aliyeifumbua Siri ya Tumbaku Mwilini

Kwetu mwambao, tumbaku haikosi barazani: huyu huitafuna kwa tambuu, yule huivuta. Asiyeizoea huona kizunguzungu na moyo kumwenda mbio. Kwa nini? Leo nimependa kuwasimulia maisha ya mtaalamu aliyelifumbua fumbo hilo, Mwingereza John Newport Langley.

Alizaliwa mjini Newbury mwaka wa 1852, mtoto wa mwalimu. Mwaka wa 1871 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu na historia, kwa nia ya kuwa mtumishi wa serikali. Lakini mafunzo ya Michael Foster juu ya kazi za viungo vya mwili yalimvutia, akabadili njia, wala hakuiacha mpaka alipofariki mwaka wa 1925.

Ilikwisha julikana kwamba mishipa ya fahamu iendayo kwenye moyo, matumbo na mishipa ya damu hupitia vifundo vidogo. Lililofichika ni kama mshipa hukoma kifundoni ukapokewa na mwingine, au hupita moja kwa moja. Mwaka wa 1889 Langley na mwenziwe, William Lee Dickinson, walipaka nikotini, sumu iliyomo katika tumbaku, juu ya kifundo cha shingoni mwa mnyama. Walipousisimua mshipa kabla ya kifundo, hapakutokea kitu. Walipousisimua mbele yake, ulifanya kazi kama kawaida. Ikabainika kuwa kifundo ni kituo cha kupokezana ujumbe, na nikotini hushika hapo hapo: kwanza hukichochea, ikizidi hukifunga.

Kifundo kikichochewa, mishipa ya damu hujikaza, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini, na shinikizo la damu hupanda. Kikifungwa, hushuka. Katika miaka ya 1950 madaktari walitumia dawa za kufunga vifundo kuwatibu wenye shinikizo kubwa la damu.

Mwaka wa 1905 Langley alisema kuwa chembe za mwili zina kitu maalumu kiipokeacho dawa. Baadhi ya wataalamu walimtilia shaka, lakini leo elimu ya dawa imesimama juu ya msingi huo.

Mimi naona faida ya kumjua mtu huyu ni hii: mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayefuturu kwa tende moja na sigara mbili, na avikumbuke vifundo vile.