Seretse Khama na Kiti Alichonyimwa

Wengi wetu twamjua hayati Sir Seretse Khama kuwa ndiye Rais wa kwanza wa Botswana. Mimi leo nataka kusimulia kiti alichonyimwa kabla ya urais, maana ndicho kilichompika.

Alizaliwa Serowe mwaka 1921, mjukuu wa Khama wa Tatu, mtawala mashuhuri wa Wabamangwato. Babake, Sekgoma, alifariki 1925 akamwacha mtoto wa miaka minne. Ami yake, Tshekedi, akaushika utawala kama amana, akamlea na kumsomesha hadi Fort Hare, kisha Oxford na London. Huko London, Septemba 1948, kijana akamwoa Ruth Williams, binti wa Kiingereza, bila ya kutaka shauri nyumbani.

Tshekedi alighadhibika. Asidhani mtu kuwa alitaka kuila amana. Kwake yeye mke wa mtawala ni jambo la kabila zima, halikatwi na mtu mmoja. Kgotla, yaani baraza la watu wote, likaitwa mara tatu. Mwanzo wengi walikuwa upande wa ami. Juni 1949 Seretse akawataka wanaompinga wasimame, wakasimama wachache. Alipowaita wanaomtaka, waliinuka maelfu kwa vifijo. Kwa mila yao, neno lilikwisha hapo.

Serikali ya Kiingereza haikuridhika. Ikaunda tume ya uchunguzi chini ya jaji ambaye wazee wetu wa Kenya walimjua, Sir Walter Harragin, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu hapa na kuongoza mashtaka ya mauaji ya Lord Erroll mwaka 1941. Tume iliketi Serowe Novemba 1949.

Ajabu ni ripoti yake. Ilikiri kuwa baraza lilikuwa halali, na kwamba Seretse ndiye mrithi, tena mwenye elimu na akili za kutawala. Kisha ikapendekeza asitambuliwe! Sababu ni Afrika Kusini, iliyopiga marufuku ndoa za Wazungu na wasio Wazungu mwaka huo huo, na ambayo ndani yake, mjini Mafeking, ndiko yalikokuwa makao ya serikali ya Bechuanaland. Nimesomeshwa habari za makadhi tangu chuoni, wala sijasikia kadhi aliyeandika haki ni ya fulani kisha akamnyima kwa kuwa jirani atanuna.

Watu wa Takaungu hawahitaji kufasiriwa. Mwaka 1895, alipofariki Sheikh Salim bin Khamis, Kampuni ya Kiingereza ilimtawaza Rashid bin Salim ikamwacha Mbaruk bin Rashid aliyemzidi umri, na vita vikawaka Pwani.

Seretse hakushika silaha. Ripoti ilifichwa. Mwaka 1950 London ilimwahidi pauni 1,100 kwa mwaka ajiuzulu, akakataa, akafukuzwa kwao miaka mitano. Mwaka 1952 marufuku ikafanywa ya daima. Wabamangwato nao wakakataa kuchagua mtawala mwingine.

Alirudi 1956, amekwisha patana na ami yake, na kwa sharti la kuukana utawala, yeye na watoto wake. Ndipo akaingia siasa. Mwaka 1965 akawa Waziri Mkuu, Septemba 30, 1966 akawa Rais, hadi alipofariki Julai 13, 1980. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, mwanawe Ian alitawazwa Serowe juu ya kiti kile kile.