Jim Walker: Aliyeifunga ndege kwa nyuzi mbili

VIJANA wa Marekani waliojenga ndege za mfano katika miaka ya 1940 na 1950 walilijua jina la Jim Walker kama mashabiki wa soka walivyolijua jina la Pele. Leo hii, zaidi ya nusu karne tangu afariki dunia mwaka 1958, jina hilo hutajwa zaidi na wazee waliokwisha kuota mvi, na kila linapotajwa huzuka ubishi uleule: je, uvumbuzi uliompa sifa ulikuwa wake kweli?

Walker alikuwa mkazi wa Portland, katika jimbo la Oregon. Kampuni yake, American Junior Aircraft, ilianza na vindege vyepesi vya mbao za balsa visivyo na injini, vya kurushwa kwa mkono, ambavyo bei yake mtoto aliimudu. Viliuzwa kwa mamilioni.

Tatizo kubwa lilikuwa kwa wale waliotaka ndege yenye injini. Katika miaka ya 1930 injini ndogo za petroli ziliingia sokoni, mashuhuri miongoni mwake ikiwa Brown Junior. Kijana alikesha majuma kadhaa akikata mbavu za mabawa kwa wembe, akiziunga kwa gundi, akizifunika kwa karatasi laini na kuipaka vanishi hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kisha aliiwasha injini na kuiachia ndege, nayo ikaenda itakako. Upepo ukivuma, ilipotelea mbali na kazi yote ikaishia hapo. Vyombo vya kuiongoza kwa redio vilikuwepo, lakini vilikuwa vizito, vya gharama, na havikuaminika.

Suluhisho la Walker lilikuwa rahisi kiasi cha kustaajabisha. Nyuzi mbili zilitoka kwenye mpini ulioshikwa na mrushaji hadi kwenye bawa la ndege, na humo ndani zilifungwa kwenye kipande kidogo kilichozunguka juu ya msumari. Kipande hicho kilisukuma na kuvuta kibawa cha mkiani. Mrushaji alisimama katikati, ndege ikamzunguka kwa duara. Akiinamisha kiganja, ndege ilishuka, akikiinua, ilipanda. Mvuto wa mzunguko ndio uliozikaza nyuzi, na zikilegea hata kwa nukta moja, ndege haikuwa tena na bwana.

Mwaka 1940 Walker aliiuza ndege yake iitwayo Fireball kwa mtindo huo, akauita U-Control, na mwaka 1942 akapewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Sasa uwanja wa shule ulitosha. Mwaka 1947 Ray Arden alipotoa plagi yake isiyohitaji betri wala koili angani, injini zilipungua uzito na mchezo ukaenea zaidi. Waliokulia katika mchezo huo hawasahau harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyoungua, vidole vilivyopigwa na pangaboi, wala kizunguzungu cha mizunguko ya kwanza, ambapo mara nyingi aliyeanguka alikuwa rubani na si ndege!

Walker mwenyewe alikuwa mtu wa maonyesho. Alirusha ndege tatu kwa wakati mmoja, mbili kwa mikono na ya tatu kwa kifaa alichokivaa kichwani. Alibuni mpini wenye roda ndani yake, uliomwezesha mrushaji kuzirefusha nyuzi ndege ikiwa hewani. Aliunda hata mashine ya kukatia nyasi iliyoongozwa kwa redio. Hakuna shaka kwamba alijua kuuza, na huenda hilo ndilo lililowaudhi washindani wake.

Mmoja wao alikuwa Leroy Cox wa California, aliyekuwa akiuza ndege ndogo za plastiki zilizo tayari kuruka. Walker alimshtaki kwa kutumia uvumbuzi wake, na mwaka 1955 shauri likasikilizwa katika mahakama ya shirikisho huko California. Upande wa Cox ulimleta shahidi ambaye wengi hawakuwa wakimfahamu: Oba St. Clair, mtu wa Oregon kama Walker, aliyeeleza kwamba katika miaka ya 1930 alikwisha kuirusha ndege yake, Miss Shirley, kwa kuiongoza kwa nyuzi. Mahakama ilimwamini. Hataza ya Walker ikabatilishwa, na tangu siku hiyo kila kiwanda kikawa huru kuutumia mtindo huo.

Kisheria, hukumu hiyo ni vigumu kuilaumu, kwani aliyetangulia ametangulia. Hata hivyo St. Clair hakuupeleka ufundi wake sokoni, na kama mambo yangebaki mikononi mwake, watoto wengi wasingaliuona. Walker aliuweka ndani ya boksi lenye mbao, mchoro na maelekezo. Baada ya hukumu aliishi miaka mitatu tu.

Cox alistawi, na injini zake ndogo zikajaa katika maduka ya vifaa vya kuchezea hadi redio ziliposhuka bei na kuwavuta vijana upande mwingine. St. Clair naye alipewa heshima yake na wapenzi wa mchezo huo. Na katika mashindano ya taifa ya Marekani, marubani wa sarakasi za nyuzi mbili wamekuwa wakigombea kombe lenye jina la Walker.