Argwings-Kodhek, wakili wa washukiwa

Ukienda Nairobi utapita Barabara ya Argwings Kodhek. Huyu alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1923. Alisoma Makerere, kisha sheria Uingereza, akarudi akiwa Mwafrika wa kwanza nchini Kenya kuwa wakili.

Serikali ya kikoloni ikampa kazi, lakini kwa theluthi moja ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kilekile. Wewe ungekubali? Yeye alikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Tangu 1952 nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari. Vita vya Mau Mau vilifika hadi Kandara (si hii yetu ya Jeddah, ni ile ya Murang'a). Mtu akikutwa na risasi tu mfukoni, aliweza kuhukumiwa kunyongwa, na walionyongwa walizidi 1,000. Washukiwa wengi walikuwa maskini, na Kiingereza cha mahakamani hawakukielewa. Argwings-Kodhek alisimama akawatetea, ingawa wakubwa walimchukia kwa hilo.

Kenya ilipopata uhuru aliingia serikalini. Alifariki Januari 1969 katika ajali ya gari Nairobi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje.