Taiichi Ohno: Aliyepambana na mrundiko katika viwanda vya Toyota

Mhandisi Taiichi Ohno alizaliwa Februari 29, 1912, mjini Dalian, Uchina. Alipohitimu chuo cha ufundi cha Nagoya, Japani, mnamo 1932 aliajiriwa na kampuni ya nguo ya familia ya Toyoda, kisha akahamia kampuni yao ya magari mnamo 1943.

Mnamo 1950, Toyota nusura ifilisike. Magari yalikosa wanunuzi, wafanyakazi wakagoma, zaidi ya 1,500 wakaondoka na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Ohno alijifunza kwamba bidhaa isiyo na mnunuzi si mali bali ni mzigo.

Kiwandani nako mambo yalikwenda kombo. Mafundi waliketi wakingojea vipuri, kisha mwezi ukikaribia kuisha wakaunganisha magari mbiombio. Penye wasiwasi wa aina hiyo, anayehofia kupungukiwa huagiza kupita mahitaji yake, na anayemuuzia naye huongeza lake. Hivyo ongezeko dogo la wateja hugeuka gharika kwa mtengenezaji wa vipuri. Wateja wakipungua, maghala hufurika.

Ohno akaugeuza utaratibu. Alivutiwa na maduka ya kujihudumia ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri ya kilichochukuliwa. Akaagiza kila idara ichukue kutoka kwa iliyoitangulia kile inachohitaji tu. Kadi ndogo, kanban, ilionyesha kilichochukuliwa. Bila kadi, hakuna kuunda kitu.

Hata hivyo, kadi pekee hazikutosha. Idara ya mwisho ikichukua vingi leo na vichache kesho, walio nyuma yake hulazimika kuweka watu na mashine za kukidhi siku yenye kazi nyingi. Kwa hivyo aina mbalimbali za magari ziliundwa kwa zamu kila siku, badala ya aina moja kwa wingi. Ilimpasa mkubwa kutulia kwanza ili wadogo wanaomuuzia vipuri wasiyumbe.

Wengi walimpinga, na kazi hiyo ilimchukua zaidi ya mwongo mmoja. Uchumi ulipodorora kufuatia kupanda kwa bei ya mafuta mnamo 1973, Toyota ilijikwamua upesi kuliko kampuni nyingi za Japani, na sifa za mbinu hiyo zikaenea.

Ohno alichapisha kitabu kuihusu mnamo 1978 na kufariki Mei 28, 1990, akiwa na umri wa miaka 78. Wengi wameiga kadi zake na kupunguza akiba ghalani, lakini wakaendelea kuagiza kwa pupa. Hao wamewatwika tu mzigo wanaowauzia.